Mpe Penseli Kabla ya Kumpa Mtihani

Mtoto aliyemaliza darasa la tano Bukavu, Kongo, aliyejifunza sehemu za mmea na desimali kwa Kifaransa, akifika Nairobi anaweza kujikuta amekalishwa na watoto wa Gredi ya pili. Hakuna aliyekusudia kumwonea. Alipewa mtihani wa kupima kiwango chake, mtihani ukawa wa Kiingereza, akakwama kwenye maagizo kabla hajayafikia maswali. Aliyesahihisha aliona karatasi tupu, akaandika alichokiona. Tangu hapo mtoto wa miaka 12 anakunja magoti chini ya dawati la mtoto wa miaka saba, anapaka rangi picha ya mwavuli, na kila asubuhi anafundishwa kwamba yote aliyoyajua kule hayahesabiki huku.

Makala haya nawaandikia walimu wanaowapokea watoto hawa Kayole, Kasarani, Eastleigh, Kitengela na kwingineko. Kenya imewahifadhi wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000. Wengi wako katika kambi za Dadaab na Kakuma, lakini familia zinazoishi mijini huwapeleka watoto wao katika shule za umma zilizo karibu nao, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa kila mtoto haki hiyo. Mwalimu hupokea mwanafunzi mgeni katikati ya muhula, darasa limeshajaa, mkalimani hakuna, na mtaala unamsubiri. Ninachotaka kumwambia mwalimu huyo ni hiki: mchoro ni kazi ya darasa kama zilivyo insha na hesabu. Ukiuchukulia hivyo, utakuonyesha anachokijua mtoto kabla lugha ya darasa haijamkolea, na utawafanya wenzake wamwone kama mtu mwenye ujuzi. Ukiugeuza pambo la ukutani au chombo cha kuchimbua machungu ya mtoto, ni afadhali ungeuacha.

Anza wiki ile ile aliyofika. Mpe karatasi kadhaa na penseli, na umwombe kazi zisizohitaji sentensi. Achore mmea mzima pamoja na mizizi yake, na aandike majina ya sehemu kwa lugha yoyote anayoijua. Achore njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Agawe mikate mitatu kwa watu wanne, aonyeshe kwa mistari kila mtu amepata nini. Halafu achore kitu anachojua kukitengeneza au kazi anayoijua vizuri, hatua kwa hatua. Usimsimamie kichwani. Mwache na karatasi hizo wakati wengine wanaendelea na kazi zao, kisha uzisome jioni kwa utulivu ule ule unaousomea mtihani. Ramani ya njia itakuambia kama anajua kulia na kushoto, umbali na uwiano. Mikate itakuambia habari za sehemu. Mmea wenye maneno ya Kifaransa pembeni utakuambia kwamba amefundishwa sayansi, na kwamba kinachomkosesha ni majina tu.

Karatasi ya mwisho ndiyo yenye mambo. Mvulana mmoja kutoka Uvira, aliyefika darasani kwetu na Kiingereza cha salamu peke yake, alichora mitumbwi miwili iliyoungwa kwa miti mirefu. Kwenye miti alining'iniza taa. Chini yake, majini, akachora wavu uliojipinda kama bakuli, na juu ya wavu nukta nyingi sana, nukta juu ya nukta, mpaka penseli ikatoboa karatasi. Juu ya yote alichora mwezi mpevu, kisha akaukata kwa mistari miwili mizito. Nilidhani amekosea akaufuta. Nilipomuuliza akanieleza, kwa Kiswahili chake cha Kivu ambacho darasa zima lilikifuata bila shida, kwamba usiku wa mbalamwezi hawaendi ziwani. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hutawanyika, taa haiwavuti. Wanasubiri giza.

Tazama yaliyomo katika karatasi ile moja. Mna hatua za mwezi, ambazo kitabu cha sayansi kinazieleza kwa kurasa kadhaa. Mna mnyororo wa chakula, kwa sababu mwanga huwavuta viumbe wadogo sana wa majini na dagaa huja kuwala. Mna jiografia ya Ziwa Tanganyika, linalogawanywa na nchi nne za Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, lenye kina cha mita zipatazo 1,470, la pili duniani kwa kina. Tuliyaandika maneno ya Kiingereza kando ya kila kitu alichokichora, na mchoro ule ukawa ndio somo letu la sayansi wiki ile. Mwenye mchoro alisimama ubaoni na rula mkononi. Watoto waliokuwa wakimwita kwa jina la nchi yake wakaanza kumwita kwa jina lake, maana walikuwa na maswali na yeye ndiye aliyekuwa na majibu.

Mtafiti Jim Cummins wa Toronto alieleza miaka mingi iliyopita tofauti ambayo kila mwalimu wa mtoto mgeni angepaswa kuiweka moyoni. Lugha ya kucheza na kununua peremende, mtoto huipata kwa takriban miaka miwili. Lugha ya masomo, ile ya kueleza kwa nini maji hugeuka mvuke au kulinganisha sehemu mbili, huchukua miaka mitano hadi saba. Kwa hiyo usidanganyike na mtoto anayepiga soga uwanjani wakati wa mapumziko. Akirudi darasani bado ni mgeni, na akinyamaza tunamwita mvivu. Miaka hiyo yote hatuwezi kumwambia asubiri. Picha humwezesha kufikiri mambo ya rika lake wakati maneno yanakuja.

Na wenyeji nao hufaidika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada walichapisha mwaka 2016 matokeo ya majaribio ambamo waliwapa watu maneno ya kukumbuka, wengine wakiyaandika na wengine wakiyachora. Yaliyochorwa yalikumbukwa zaidi, hata pale mchoro ulipokuwa mbaya na muda mfupi. Hivyo unapolifanya darasa zima lichore mzunguko wa maji badala ya kuunakili kutoka ubaoni, humpendelei mtoto mmoja. Hili ni la kumwambia mwalimu mkuu akikuuliza kwa nini kipindi cha sayansi kina krayoni.

Nasema darasa zima kwa makusudi. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kumpa mgeni karatasi ya kuchora pembeni huku wengine wakisoma. Hapo umemweka kando kwa upole. Kila kazi ya mchoro iwe ya wote, na iwe na neno la kujifunza ndani yake. Wapange wawili wawili, mwenyeji na mgeni, mmoja achore na mwingine aandike majina, kisha wabadilishane. Majina yaandikwe kwanza kwa lugha anayoijua mchoraji, halafu kwa lugha ya darasa. Kazi zikibandikwa ukutani, zipangwe kwa mada: hapa maji, pale vyakula, kule usafiri. Usiweke kona ya Kongo, kona ya Somalia na kona ya Sudan Kusini. Kona za namna hiyo humfundisha mtoto mahali pa kusimama, naye hukaa hapo hapo hadi mwisho wa mwaka.

Hesabu ina utajiri ambao hautumiki. Kitenge kina maumbo yanayojirudia, yanayogeuka na kutazamana kama kwenye kioo, na karibu kila nyumba ya Kikongo ina kipande chake. Mashariki mwa Rwanda, katika eneo la Kirehe, kuna sanaa iitwayo imigongo. Kinamama huchanganya samadi ya ng'ombe na majivu, wakaijenga kwa vidole juu ya ubao mpaka ikatoa matuta, ikikauka wakailainisha na kuipaka rangi, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Maumbo yake ni pembetatu, rombasi, mistari ya kupinda na duara zinazojizungusha. Darasani tumia kadibodi, na matuta uyatengeneze kwa karatasi iliyorowekwa na kupondwa pamoja na gundi ya unga wa ngano. Mpe kila mtoto robo ya mchoro, atafute robo tatu zilizobaki kwa kugeuza umbo lake. Nimewaona watoto waliochukia jiometri wakigombea rula.

Kwa masomo ya jamii na historia, kuna mtu ambaye walimu wetu wangefaa kumjua zaidi. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa mchoraji wa Lubumbashi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichora historia nzima ya nchi yake, tangu kabla ya ukoloni, kupitia utawala wa Wabelgiji na kifo cha Lumumba, hadi utawala wa Mobutu: picha zipatazo 100, moja baada ya nyingine. Kila alipompelekea mtafiti Johannes Fabian picha zake, alimweleza maana yake kwa Kiswahili cha Katanga, na mazungumzo hayo yakahifadhiwa na kuchapishwa baadaye kama kitabu. Alijiona mwanahistoria, si fundi wa picha tu. Liambie darasa habari zake, halafu lipe kazi kama yake. Chagueni jambo moja la mtaa wenu: maji yalivyofika, soko lilivyokua, barabara ilivyopanuliwa, shule ilivyojengwa. Kila kikundi kichore tukio moja, kiandike sentensi mbili chini yake, na picha zipangwe kwa mfuatano. Mtoto mgeni anaingia katika historia ya mahali anapoishi sasa. Anauliza wazee wa mtaa, anajua bomba lilitoka wapi. Anakuwa na mahali.

Ukitaka darasa lielewe kwamba mgeni huja na kitu mkononi, Wamakonde wanatosha kuwa mfano. Wengi wao walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno, wakaja Tanganyika kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Walikuja na patasi zao na ujuzi wa kuchonga mpingo. Leo mtalii akitaka kitu cha kumkumbusha Tanzania, huenda Mwenge, Dar es Salaam, akanunua kinyago cha Kimakonde. Waulize wanafunzi, bila kuwahubiria, nani alimpa nani nini.

Siku ambazo hakuna muda wa kuchora, zungumzeni kuhusu picha. Mbinu iliyotengenezwa na Abigail Housen na Philip Yenawine nchini Marekani ina maswali matatu tu. Kuna nini kinaendelea katika picha hii? Umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Tunaona nini zaidi? Hakuna jibu la makosa mradi mtoto aonyeshe ushahidi wake kwa kidole. Picha ya kalenda yafaa, kanga yafaa, mchoro wa Tingatinga wafaa. Waache kwanza wanong'onezane wawili wawili kwa lugha yoyote, ndipo waseme mbele ya wote. Wewe rudia alichosema mtoto kwa sentensi kamili ya lugha ya darasa, taratibu, bila kumkosoa. Dakika kumi kama hizo, zikifanywa kila wiki, humfungua mdomo mtoto aliyekuwa akitikisa kichwa tu.

Sasa yale ya kuepuka, na hapa naomba mwalimu anisikilize kwa makini.

Usimwambie mtoto achore vita, safari ya kukimbia au nyumba iliyochomwa. Najua nia huwa njema. Lakini hukupewa mafunzo ya kufunga kidonda hicho, kengele italia baada ya dakika 35, na mtoto ataenda nyumbani na alichokifungua. Friedl Dicker-Brandeis, msanii aliyefungwa katika geto la Terezín, aliwafundisha kuchora watoto wa Kiyahudi waliofungwa pamoja naye kati ya mwaka 1942 na 1944. Aliwafundisha mstari, mwanga na mpangilio. Walichora maua, meza, madirisha, na waliandika majina yao kwenye kazi zao. Yeye aliuawa Auschwitz, na watoto walio wengi wakauawa pia, lakini michoro yao ipatayo 4,500 imesalia hadi leo. Kama mwalimu aliyekuwa mahali pale aliona kwamba watoto walihitaji kufundishwa kuchora vizuri, na sisi tunaweza kuwaheshimu wanafunzi wetu kwa namna hiyo.

Wapo watakaochora bunduki bila kuulizwa. Usishtuke mbele yao, usisifu, usihoji kama askari. Mwambie, "Nimeiona picha yako. Ukitaka kuniambia chochote, nipo." Usiibandike. Picha kama hizo zikijirudia, au mtoto akiwa halali, hali au hachezi, zungumza na mzazi na mwalimu wa ushauri nasaha. Wala usijifanye mfasiri wa rangi. Mtoto aliyepaka kila kitu cheusi huenda alikuta krayoni nyeusi ndiyo pekee iliyobaki kwenye kopo.

Bendera nazo ziache. Siku ya kuchora bendera huonekana ya ukarimu, ila familia nyingine ilikimbia serikali yenye bendera hiyo. Waliokuja kutoka Burundi baada ya machafuko ya mwaka 2015 hawaitazami bendera kwa macho mamoja. Hata watoto wawili waliotoka wilaya moja ya Kivu wanaweza kuwa wametoka pande mbili za ugomvi mmoja, na wewe hujui. Chakula, nyumba, michezo, samaki, nguo na kazi za mikono zinatosha kabisa.

Familia nyingine za Kiislamu hazipendi watoto wao wachore watu au wanyama. Muulize mzazi kwa heshima mapema, usisubiri mtoto aje na karatasi tupu ukadhani ni mkaidi. Kuna ramani, mimea, majengo, mwandiko wa Kiarabu na mapambo ya hina, ambayo wasichana wengi wa Kisomali wanayajua kuliko sisi. Mwenye mkono wa hina ana mstari usiotetemeka. Mpe kazi ya kuchora mishipa ya jani uone.

Kuna jambo la picha za simu. Mchoro wenye jina la mtoto na sura yake ukirushwa kwenye kundi la WhatsApp la shule, au kwenye Facebook, hujui utafika kwa nani, na kuna familia zinazojificha kwa sababu za kweli. Piga picha ya kazi peke yake, bila jina, na kwa ruhusa ya mzazi na mtoto. Wageni wa shule wakija wakitaka kuonyeshwa "michoro ya wakimbizi", waonyeshe michoro ya darasa.

Vifaa visiwe kisingizio. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kupaka baiskeli juu ya hadibodi, na mtindo ukabeba jina lake. Upande wa nyuma wa kalenda ni karatasi nzuri. Vijiti vyembamba vikavu, vikibanwa ndani ya mkebe wenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, vikaachwa kwenye makaa kwa saa moja hivi, hugeuka mkaa laini wa kuchorea. Binzari hutoa manjano, maganda ya vitunguu hutoa kahawia yakichemshwa, na udongo mwekundu uko nje ya dirisha.

Mwite mzazi, lakini mwite kama fundi. Wakongo wengi jijini ni mafundi cherehani au wauzaji wa vitenge. Baba anayejua kukata sketi ya vipande sita bila kupoteza kitambaa ana somo kamili la pembe na vipimo. Mkaribishe kwa kipindi kimoja, aje na mkasi na chaki yake, akate kwenye gazeti mbele ya watoto. Usimwombe acheze ngoma wala aje na vazi la kitamaduni. Mwanawe akimwona baba akifundisha, na mwalimu akiandika ubaoni anayosema, hatajificha tena siku ya mkutano wa wazazi.

Unapotoa alama, toa za ujuzi. Je, sehemu zipo zote? Mfuatano ni sahihi? Majina mapya yametumika? Mtoto aweza kuieleza kazi yake? Uzuri wa mkono usiongeze wala kupunguza kitu, la sivyo wenye kipaji watashinda na wengine watafunga madaftari. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019, unaruhusu tathmini ya namna hii, na mwalimu hahitaji kibali kingine.

Mwisho, mfungulie kila mwanafunzi faili, hata kama ni boksi la unga lililokunjwa. Familia hizi huhama: kodi inapanda, kazi inaisha, ruhusa ya kwenda Kanada au Australia inatoka. Mtoto huondoka Jumatano bila kuaga. Kwa hiyo faili lisikae kabatini kwako hadi mwisho wa mwaka. Lipeleke nyumbani, libaki huko, na mtoto awe analirudisha siku za kazi ya kuchora. Juu yake andika jina lake kama anavyoliandika mwenyewe, lugha anazozijua zote, gredi aliyomo, na chini ya kila mchoro sentensi moja ya kile ambacho kazi hiyo inathibitisha kwamba anakijua. Andika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa mwandiko unaosomeka, utie tarehe na sahihi. Shule atakayokwenda, iwe Nakuru au Calgary, itakuwa na mtihani wake wa kupima kiwango, naye mtoto atakuwa na kitu cha kuweka mezani kabla haijampa karatasi.